Churchill Downs: Farasi Tunawajua, Majoki Je?
Wasee, kila Mei mnaona video za Kentucky Derby: kofia kubwa kubwa, ile minara miwili ya Churchill Downs pale Louisville. Mimi hupenda pia, hizo dakika mbili hushika roho. Lakini rudini 1875, Derby ya kwanza. Majoki 15, na 13 kati yao walikuwa weusi. Akashinda mmoja wao, Oliver Lewis, juu ya Aristides.

Jimmy Winkfield akashinda 1901, akarudia 1902. Tangu hapo, hakuna joki mweusi ameshinda tena. Pesa ilipoingia, wazungu waliwafinya nje. Winkfield akaenda kutafuta riziki Urusi. 1961 akaalikwa karamu ya Derby kwa hoteli, na mlangoni wakamzuia kwanza. Bingwa mara mbili, buda! Na Secretariat wa 1973, farasi, kila mtu anamjua.