Iridium: setilaiti zilizowaka kwa saa

Mwaka 1997 watazamaji wa anga walianza kukutana na kioja. Setilaiti hafifu, ya kutafutwa kwa darubini, ghafla inawaka kuipita Zuhura mara 20 na zaidi, kisha baada ya sekunde chache haionekani tena. Ilikuwa ya Iridium, mtandao wa simu uliobuniwa na kampuni ya Motorola ya Marekani.

Kuwinda setilaiti kwa ridhaa hakukuwa kugeni. Tangu 1956 Fred Whipple wa Smithsonian alikuwa akikusanya watu wa kujitolea katika mpango wa Moonwatch. Walipanga darubini ndogo mstari mmoja, kila mtu na kipande chake cha anga, ili Sputnik na wenzake wasipenye. Mpango ulifungwa 1975. Wale walikesha wakisubiri kwa kubahatisha. Wa Iridium walitoka nje na saa mkononi.

Siri ilikuwa kwenye antena. Kila setilaiti ilibeba tatu, bapa, zenye urefu wa sentimita 188 na upana wa 86, kama ubao wa mlango, na uso wake uling'aa kama kioo. Kutoka kilomita 780 juu, antena iliurudisha mwanga wa jua duniani, ukawa doa la kilomita chache lililokimbia juu ya ardhi. Aliyesimama ndani yake aliona moto. Wa mji wa jirani aliambulia kimulimuli. Na kwa kuwa setilaiti hazikuyumba, mng'ao ulikokotolewa hadi sekunde. Aliyejua pa kutazama aliuona hata mchana, na kumwonyesha mgeni aliyekuwa akibisha ilikuwa raha ya pekee.

Biashara yenyewe ilidorora mapema. Huduma ilianza Novemba 1998, na Agosti 1999 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Setilaiti zilikuwa karibu kuteketezwa angani, mpaka wanunuzi wapya wakazichukua kwa dola milioni 25 tu, bei ya kutupa kwa mradi uliomeza mabilioni. Nadhani hakuna waliofurahi kama watazamaji, ambao hawakuwahi hata kununua simu hizo.

Kati ya 2017 na 2019 zilirushwa setilaiti mpya ambazo antena zake haziakisi hivyo, na nyingi za zamani zikashushwa ziungue. Chache zilizokufa bado zinazunguka zikibiringika. Zinamulika mara mojamoja, ila ratiba haiwezekani tena, maana hakuna anayeziongoza.