Makao ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu, Bagamoyo

Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka bahari kutoka Unguja wakaweka makao hapa. Waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, na pamoja nao wakalima, wakapanda minazi na kuanzisha kijiji. Tunapowakumbuka mapadre, tuanze na hao waliokombolewa: mahali hapa pamesimama kwa jasho lao.

Mnara huu ni wa kanisa la kwanza, la mwaka 1872. Februari 1874 mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone, uliobebwa na wahudumu wake Chuma, Susi na wenzao kutoka kijiji cha Chitambo, ulihifadhiwa humu kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Nyumba ya zamani ya masista sasa ni makumbusho.

Usiondoke bila kuuona mbuyu. Inasimuliwa kwamba muuguzi mmoja wa Kifaransa alizungushia shina mnyororo wa kumfungia punda wake. Mti umenenepa ukaumeza, na kilichobaki nje ni kipande kifupi chenye kutu. Ukitazame kwa karibu, lakini tafadhali usikivute.