Namna kanuni zilitoka ndani ya programu: kutoka Stanford mpaka kontena

Wandugu, rafiki zangu wa promosheni wananiuliza kila mara: wewe mtu wa agronomia, juu gani unapoteza usiku na mambo ya seva? Nitajibu, lakini lazima tupitie mbali kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi baada ya lisansi, nilikuwa napita mashambani kwa ajili ya shirika moja lenye lilikuwa linatumia wakulima ushauri kwa ujumbe wa simu. Siku moja mama mmoja akanisimamisha: « Mutoto wangu, simu ilituambia tungoe yote. Jirani yangu alikata ule mumoja tu wenye kugonjwa, leo iko anakula ndizi. Na sie? » Shamba lake lilikuwa limebakia mashimo.

Alikuwa na haki. Ni ule mnyauko wa bakteria, BXW. Zamani ushauri ulikuwa kungoa mgomba pamoja na machipukizi yote. Halafu utafiti ukaonyesha kwamba bakteria haifiki kila mara kwa migomba yote ya shina moja. Unakata ule wenye ugonjwa chini kabisa, unapitisha panga kwa moto au kwa javel, unaondoa tumba la dume kwa kijiti chenye panda, na unarudi kuangalia tena na tena. Sisi wa mashamba tulijua. Programu haikujua. Kanuni ya zamani ilikuwa imeshonwa ndani ya maandishi yake, mwenye aliiandika alishaondoka, na hakuna mtu aliyethubutu kuigusa.

Nilipoanza kusoma, nikakuta kwamba hii shida iko na umri kuliko mimi. Katika miaka ya 1970, pale Stanford, Marekani, Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza MYCIN, programu ya kushauri madaktari juu ya maambukizi ya damu. Maarifa yake yalikuwa mamia ya kanuni za namna ya « kama hivi na hivi, basi vile ». Haikupata kutumika kwa kazi ya kila siku hospitalini, hata kama majaribio yalikuwa mazuri. Lakini baadaye wakafanya kitu chenye kwangu kina maana kuliko MYCIN yenyewe: waliondoa kanuni zote za maradhi, wakabakisha injini tupu, wakaiita EMYCIN. Donc injini ni kitu kimoja, na kanuni ni kitu kingine. Unaweza kubadilisha kanuni na injini isijue.

Sisi wa kilimo hatukuwa mbali. Mwaka 1980, kule Illinois, Michalski na Chilausky walitangaza kazi yao juu ya maradhi 15 ya soya. Walilinganisha kanuni zenye mtaalamu aliandika na kanuni zenye mashine ilijifunza kutoka kwa mimea migonjwa. Za mtaalamu zilipata karibu 72 kwa 100. Za mashine karibu 98. Nimesoma agronomia miaka mitano, hakuna profesa aliyenitajia hiyo. Ni huzuni kidogo.

Kanuni zikizidi, injini inachoka. Ukiwa na kanuni elfu, kuzipima zote kila mara habari moja inapobadilika ni kazi ya bure. Charles Forgy wa Carnegie Mellon alileta dawa katika tezi yake ya 1979: algoridhimu ya Rete, neno la Kilatini lenye maana ya wavu. Wavu unakumbuka sehemu zenye zilishalingana, unapima tu kile kilichobadilika. Kampuni ya Digital ilikuwa na XCON, programu ya kanuni ya kupanga vipande vya ordinatere za VAX kabla ya kuziuza. Ilianza na mamia ya kanuni ikafika maelfu, na kuzitunza kukawa kazi ya watu wengi. Pale ndipo watu walielewa kwamba kanuni zinahitaji nyumba yao: pa kuziandika, kuzijaribu, kujua nani alibadilisha nini na lini. Huo ndio mfumo wa kusimamia kanuni. Wafaransa wa ILOG, kampuni ya 1987, waliuza mmoja. Bob McWhirter alianzisha Drools mwaka 2001, ya bure. IBM ilinunua ILOG, halafu mwaka 2019 ikanunua Red Hat yenye ilikuwa na Drools, kwa dola bilioni 34. Washindani wawili wakajikuta chini ya paa moja!

Na kontena? Mzizi wake ni chroot ya Unix, nayo ya 1979, mwaka ule ule wa tezi ya Forgy. Docker ilionyeshwa mwaka 2013, Kubernetes ya Google ikatoka 2014. Wazo ni hili: funga programu na vitu vyake vyote ndani ya sanduku, ikianguka usiitengeneze, uiue na uwashe ingine.

Hapo nikaumia. Nilipanga Drools ndani ya kontena, nikapunguza memori juu mashine yangu ni ndogo. Ikawa inakufa bila kusema kitu. Kumbe Java za zamani, kabla ya toleo la 10 la mwaka 2018, hazikuona mpaka wa kontena. Zilihesabu memori ya mashine nzima, zikachukua kwa wingi, na mfumo unaziua. Nikaweka Java mpya na kuandika kikomo mimi mwenyewe. Ikasimama. Nikaandika kanuni wiki mbili. Umeme ukakatika, nikawasha kontena mpya: kanuni sifuri. Nilikuwa nimeziacha ndani ya sanduku lenye linatupwa. Kontena imezaliwa ili ife, kanuni inatakiwa kuishi kuliko mwenye aliiandika. Basi weka volumu ya nje kabla ya kuandika hata kanuni moja, na nakala ya Git mahali pengine.

Leo inatembea, iko na kanuni 23, na ya mgomba niliibadilisha bila kugusa programu. Nimebakia na kazi yenye mashine haitanifanyia: kupata mtu wa maradhi ya mimea mwenye atakubali kuzisoma moja moja na kusema hii iko sawa, hii ilishapitwa. Mwenye anamjua, aniandikie.