Gharama ya Nyumba Rahisi Baada ya Maafa: Mfano wa Upare

Kila yanapotokea maafa, wafu wakiisha kuzikwa na majeruhi wakiisha kupelekwa hospitali, huulizwa swali moja: walionusurika watalala wapi? Jibu litolewalo upesi ni nyumba ndogo ya gharama nafuu, yenye vyumba viwili au vitatu, kuta za tofali na paa la bati. Hesabu yake huandikwa kwa mifuko ya saruji na idadi ya mabati, nayo huonekana kuwa ndogo. Lakini historia ya milima ya Upare, hasa katika wilaya ya Same, yaonyesha kwamba hesabu ya namna hiyo huacha nje sehemu kubwa ya gharama, na sehemu iliyoachwa hulipwa na yule aliyepewa nyumba.

Wapare wa zamani walikaa milimani kwa sababu zilizo wazi. Huko juu palikuwa na mvua, hewa ya baridi na usalama. Chini, upande wa bonde la Pangani, palikuwa na ukame, homa, na katika karne ya 19 hatari ya wavamizi na wateka watumwa. Maji ya vijito yalikusanywa katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva, kisha yakaongozwa kwa mifereji hadi mashambani. Nyumba ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Ilipoanguka, majirani walikusanyika kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wakaisimamisha tena, na mwenye nyumba akawapa chakula na dengelua, pombe ya miwa. Nyumba hiyo haikuwa ya bure. Gharama yake ilikuwa siku za kazi na deni la heshima: aliyejengewa leo alipaswa kumjengea mwenzake kesho. Walakini kila kitu kilichohitajika kilipatikana hapo hapo kijijini.

Hali ilibadilika katika karne ya 20. Watu waliongezeka, mashamba yakagawanywa kwa wana na wajukuu, na nyumba mpya zikazidi kupanda kwenye miteremko mikali. Bati, misumari na saruji vilitoka dukani na kupandishwa mlimani kwa fedha. Tofali la kuchoma lilihesabiwa kuwa rahisi kwa kuwa udongo ulikuwapo, lakini tanuri hula kuni nyingi, na kuni hutoka katika miti ile ile ambayo mizizi yake huushika mteremko. Tena, ili kupata kiwanja cha nyumba ya pembe nne, mtu hukata ukingo wa mlima na kuulegeza. Gharama hizi hazikuandikwa popote, ila mlima ulizibeba.

Mwezi wa Novemba 2009, baada ya kipindi kirefu cha ukame katika mikoa ya kaskazini, mvua kubwa ilinyesha katika Upare Kusini. Katika kijiji cha Goha, kata ya Mamba Miamba, udongo uliolowa uliporomoka ukazifukia nyumba pamoja na watu waliokuwamo. Waliokufa walizidi 20. Sehemu hiyo ni nchi ya tangawizi na migomba, ambako shamba la mtu na nyumba yake havitengani, na maiti huzikwa karibu na nyumbani.

Mambo haya yakifikiriwa pamoja, yaonekana wazi kwamba kumwambia mtu wa Mamba ahame mteremko ni kumtaka alipe zaidi ya nauli. Kiwanja salama huko juu ni haba, na kikipatikana kina mwenyewe. Kiwanja kipana kipo tambarare, lakini mvua ya Same mjini ni chache mno, na tangawizi haiwezi kumea huko bila ya maji ya kumwagilia. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu hadi miji ya Same na Mwanga ulianza kujengwa mwaka 2014, na ulizinduliwa mwaka 2025 tu. Mkulima angeteremshwa bondeni kabla ya hapo, nyumba yake ya bei nafuu ingemgharimu shamba, maji, na makaburi ya wazee wake.

Yaliyotokea kwingine nchini yanathibitisha jambo hilo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 katika Dar es Salaam, watu wa mabondeni, kama vile Jangwani, walipewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Ardhi ilikuwa kavu na salama, lakini kibarua, soko na wateja vilibaki mjini. Baadhi yao waliuza viwanja wakarudi bondeni. Hao hawakuwa wapumbavu. Walipiga hesabu ya nauli ya kila siku, wakaona kuwa mafuriko huja mara moja moja, na njaa huja kila jioni.

Mkoani Kagera, tetemeko la Septemba 10, 2016 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba zaidi ya 2,000. Serikali ilitangaza kwamba haitamjengea kila mtu nyumba. Juhudi ilielekezwa katika majengo ya umma, kama shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Hapo hesabu ya hazina ilipungua kweli, lakini gharama haikutoweka: iliingia katika mikopo, katika mazao yaliyouzwa kabla ya wakati, na katika kuta zenye nyufa ambazo watu waliendelea kulala chini yake.

Njia nyingine ilifuatwa Hanang, mkoani Manyara, baada ya maporomoko ya Desemba 3, 2023 yaliyoua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Nyumba zaidi ya 100 zilijengwa mahali papya, Waret, zikakabidhiwa mwishoni mwa 2024. Serikali iliibeba gharama ya kuta, na ilibeba pia jambo ambalo kwa kawaida husahauliwa, yaani kutafuta na kupima ardhi iliyo salama. Kazi hiyo ilichukua mwaka mzima, na mwaka huo wenyewe walionusurika waliulipa kwa kukaa kwa ndugu na katika nyumba za kupanga.

Mwingereza Ian Davis, katika kitabu chake cha mwaka 1978 juu ya makazi baada ya maafa, alieleza kwamba nyumba zinazoletwa na wageni mara nyingi hufika zikiwa zimechelewa, wakati wenyeji wameshaanza kujijengea. Watu wa Upare walilijua jambo hilo kabla ya vitabu, kwa kuwa msaragambo haukungoja barua ya mtu yeyote. Lakini msaragambo waweza kusimamisha nguzo. Hauwezi kupima udongo wa mteremko, wala kumpa kiwanja asiye nacho. Hizo ni kazi za serikali na wataalamu wake, na wakati wake ni kabla ya masika. Hesabu ya nyumba rahisi ingeanza na mambo hayo, yaani ardhi, maji na njia ya kwenda shambani, mifuko ya saruji ingekuwa mstari wa mwisho wa karatasi, na pengine ulio mdogo kuliko yote.