The Beatles (albamu ya 1968)

The Beatles ni albamu ya tisa ya bendi ya Uingereza yenye jina hilohilo. Ilitoka Uingereza tarehe 22 Novemba 1968, na Marekani siku tatu baadaye. Ni santuri mbili zenye nyimbo 30, na ndiyo albamu ya kwanza ya bendi hiyo kutolewa na lebo yao wenyewe, Apple. Mashabiki wengi huiita Albamu Nyeupe.

Jalada lilibuniwa na msanii Richard Hamilton. Ni jeupe kote: jina la bendi limechomozwa kwenye karatasi bila wino, na karibu yake pamegongwa namba ya nakala. Namba hiyo ilikuwa na mzaha ndani yake, kwa sababu bidhaa iliyokusudiwa kuuzwa kwa mamilioni ilivishwa sura ya toleo la nakala chache. Wakusanyaji wa santuri hawakucheka. Tangu hapo wanawinda namba ndogo. Nakala nambari 0000001 ya Uingereza, iliyokuwa ya mpiga ngoma Ringo Starr, iliuzwa mnadani Desemba 2015 kwa dola 790,000. Hata hivyo, namba ndogo peke yake haithibitishi upekee, maana Marekani ilikuwa na mfuatano wake. Mnunuzi makini hutazama mengine pia: majalada ya mwanzo ya Uingereza yalifunguka kwa juu, si ubavuni, na mifuko ya ndani ilikuwa myeusi. Bango na picha nne za wanabendi zilizopigwa na John Kelly zikikosekana, bei hushuka.

Ubishi mkubwa zaidi, na wenye maana zaidi kwa anayesikiliza kuliko anayehifadhi kabatini, ni wa mono (sauti ya mkondo mmoja) na stereo (ya mikondo miwili). Wakati huo karibu kila wimbo ulichanganywa mara mbili, na mara nyingi matokeo hayakulingana. Helter Skelter ya mono ina takriban dakika tatu na nusu, kisha inafifia na kwisha. Ya stereo, iliyochanganywa karibu mwezi mmoja baadaye, inakaribia dakika nne na nusu: inafifia, inarudi, na inaishia kwa Starr kupiga kelele kwamba vidole vimemtoka malengelenge. Don't Pass Me By ya mono inakwenda kasi zaidi, na fidla ya mwishoni inapigwa tofauti. Ken Scott, mmoja wa mafundi wa sauti wa albamu hii, amesimulia kwamba baadhi ya tofauti zilikuwa za makusudi: mwanabendi Paul McCartney aliona kuwa mashabiki wanazigundua, na kwamba shabiki wa namna hiyo atanunua zote mbili.

Wamarekani hawakupewa nafasi ya kulinganisha. Soko lao lilikuwa limekwisha kuiacha mono, na albamu ikatoka huko kwa stereo tu. Aliyetaka ile nyingine alitafuta santuri kutoka Uingereza, hadi mwaka 2009 mono ilipotolewa rasmi kwenye CD ndani ya sanduku la albamu za mono. Santuri za mono zilirudi mwaka 2014, zikichongwa kutoka kanda za analogi, na hizo ndizo zinazomfaa asiye na uwezo wa kununua nakala za 1968.

Kati ya mwaka 1968 na 2009 yalipita matoleo mengine: santuri za plastiki nyeupe mwaka 1978, CD mwaka 1987, na CD za 1998 zenye jalada dogo lililotiwa namba. Hayo ni ya wakusanyaji zaidi.

Toleo la Novemba 2018 ni jambo jingine. Mtayarishaji Giles Martin na fundi wa sauti Sam Okell walichanganya upya nyimbo zote, na seti kubwa ikaongezwa rekodi 27 za majaribio zilizofanywa nyumbani kwa mwanabendi George Harrison, Esher, Mei 1968, kabla ya bendi kuingia studio. Diski ya Blu-ray ya seti hiyo ina pia mono ya mwaka 1968.