Chuo Kikuu Kilicho Ukumbusho wa Vita

Wasikilizaji wetu, twajua ya kuwa watu wakifiwa na vijana wao vitani huinua jiwe na kuandika majina juu yake. Leo twataka kuwapa habari za watu ambao hawakuridhika na jiwe tu.

Newfoundland ni kisiwa kikubwa upande wa mashariki wa Kanada, nchi ya baridi na ukungu. Kwa karne nyingi wenyeji waliishi kwa kuvua samaki na kuwakausha kwa chumvi. Katika Vita Kuu ya kwanza walipeleka kikosi chao. Tarehe 1 Julai 1916, huko Beaumont-Hamel katika nchi ya Ufaransa, askari kadiri ya 800 walitoka mahandakini kushambulia. Kesho yake walioitika majina yao walikuwa 68 tu. Wengine walikuwa wamekufa, au wamejeruhiwa, au hawajulikani walipo.

Siku zile shule za kisiwani zilikuwa mikononi mwa makanisa, na kila dhehebu lilifundisha watoto wake mbali na wengine. Lakini vitani Mkatoliki na Mprotestanti walikufa bega kwa bega. Basi wakuu wa elimu wa madhehebu wakapatana ya kuwa ukumbusho uwe chuo kimoja cha watu wote. Kikafunguliwa mwaka 1925 mjini St. John's, kikiwa na wanafunzi 57, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, John Lewis Paton. Mwaka 1949 Newfoundland ilijiunga na Kanada, na mwaka ule ule chuo kikafanywa Chuo Kikuu. Jina lake ni Memorial, yaani Ukumbusho.

Nacho hakikuwasahau wavuvi. Mwaka 1967, serikali ilipokuwa ikiwahimiza watu wa vijiji vidogo wahame, watumishi wa chuo walikwenda kisiwa cha Fogo pamoja na wapiga sinema. Wanakijiji wakaeleza shida zao, kisha sinema hizo zikaonyeshwa kijiji kwa kijiji, hata watu wakatambua ya kuwa shida yao ni moja. Wakaunda chama cha ushirika, wakabaki kwao.

Leo maelfu ya vijana husoma katika chuo hicho, bila kuulizwa dhehebu lao. Nasi tukitaka kuwaheshimu wafu wetu, hatuna budi kuangalia watoto waliowaacha wanasoma wapi, na pamoja na nani.