Muda wa matunzo ya matoleo ya programu huria: Mombasa

Muda wa matunzo ni kipindi ambacho watengenezaji wa programu huendelea kurekebisha toleo la zamani, hasa kwa kuziba mianya ya usalama, baada ya toleo jipya kutoka. Katika programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea, wengi wao usiku baada ya kazi zao za mshahara. Kila toleo la zamani linalotunzwa huongeza mzigo, kwa kuwa kiraka kilichoandikwa kwa toleo jipya mara nyingi hakiingii katika la zamani bila kuandikwa upya na kujaribiwa tena. Makala haya yanalitazama suala hilo kutoka kisiwa cha Mombasa, ambako programu hizi hutumika kila siku na ambako matoleo ya zamani hudumu kwa sababu za msingi.

Kabla ya 2009 intaneti ya pwani ya Kenya ilitegemea setilaiti, na bei yake ilikuwa juu mno. Kebo ya baharini ya TEAMS kutoka Fujairah ilifika Mombasa Juni 2009, SEACOM ikaanza kazi Julai mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010. Waliotaka mfumo huria wa uendeshaji wa Ubuntu katika miaka ya kabla ya hapo waliweza kuagiza diski za bure zilizotumwa kwa posta kati ya 2005 na 2011. Diski ilichukua wiki kadhaa kufika kwenye sanduku la posta, na toleo la kawaida wakati ule lilitunzwa miezi 18 tu. Sehemu ya muda huo ilikuwa imeliwa njiani. Ubuntu 6.06 ya Juni 2006, ya kwanza kuahidiwa matunzo marefu (miaka 3 kwa kompyuta ya mezani na 5 kwa seva), ilikuwa na maana kubwa zaidi kwa mtu wa Mombasa kuliko kwa mtu wa London.

Kebo zilipunguza tatizo la kupakua, si tatizo la mashine. Kompyuta nyingi za saiba na maduka kuanzia Digo Road hadi vichochoro vya Mji wa Kale ni za mtumba, zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya au Ghuba. Mwenye saiba hawezi kuzibadilisha kila mfumo mpya unapotoka, lakini wateja wake wanataka kuingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na tovuti ya kodi leo, na vivinjari navyo huiacha mifumo ya zamani. Kivinjari cha Chrome kiliiacha Windows 7 mapema 2023. Firefox 115, toleo la matunzo marefu lililotoka Julai 2023, ilibaki kuitumikia. Mwisho wake kwa mashine za Windows 7 ulipangwa Septemba 2024, kisha ukasogezwa mbele zaidi ya mara moja.

Toleo lililoachwa huweza kufa kwa tarehe iliyowekwa mbali kabisa. Septemba 30, 2021 kilikwisha muda cheti-mzizi ambacho vyeti vya bure vya usalama wa tovuti vya Let's Encrypt vilikuwa vikikiegemea. Programu zilizotumia maktaba ya usimbaji ya OpenSSL 1.0.2, ambayo matunzo yake ya wazi yalikoma mwishoni mwa 2019, zilianza kukataa tovuti zilizokuwa salama. Mashine zilikuwa nzima na waya haujakatika. Fundi asiyejua habari ya cheti angeweza kushinda akibadilisha kebo na kuwasha upya ruta, na kasoro isiondoke.

Hospitalini uzito ni mwingine. KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa juu ya programu huria ya OpenMRS, ulianza kusambazwa 2012 na Wizara ya Afya pamoja na I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington, na kufikia 2014 ulikuwa umewekwa katika vituo zaidi ya 300 nchini. OpenMRS yenyewe ilianzishwa 2004 na kutumika Eldoret kuanzia 2006. Mfumo huwekwa kwenye seva ya kituo chenyewe ili kazi iendelee intaneti ikikatika. Chini yake kuna tabaka zenye kalenda zake: OpenMRS Platform 2.0 ya 2016 ilitaka Java 8, nayo hifadhidata ya MySQL 5.7 ya 2015 ikafika mwisho wa matunzo Oktoba 2023. Kuhamisha kituo kimoja kwenda toleo jipya ni safari ya fundi, kwa feri kwenda Likoni au kwa daraja la Nyali kwenda Kisauni. Kwanza atengeneze nakala ya akiba ya kumbukumbu zote, ajaribu ripoti, ndipo awaonyeshe wauguzi skrini mpya wakati foleni ya wagonjwa inasubiri.

Upande wa watunzaji nao una haki yake. Matunzo marefu ya kiini cha Linux, kinachobeba mifumo kama Ubuntu, yaliongezwa 2017 kutoka miaka 2 hadi 6. Mwaka 2023 ikatangazwa kuwa yanarudishwa miaka 2, kwa kuwa watu wachache walikuwa wamechoka kutunza matoleo ambayo watumiaji wake hawakuonekana kuwa wengi. Lugha ya programu ya Python 2.7 ya 2010 ilikusudiwa kukoma 2015, ikaburuzwa hadi Januari 1, 2020. Drupal 7, programu ya kujengea tovuti iliyotoka Januari 2011, iliongezewa muda mara kadhaa na kukoma Januari 5, 2025, miaka 14 baadaye, kwa sababu Drupal 8 iliandikwa upya kiasi kwamba kuhama kulikuwa sawa na kujenga tovuti mpya. Anayewaita waliochoka hivi wasaliti hajawahi kupeleka kiraka kimoja nyuma matoleo manne.

Mjadala huu kwa kawaida hushikilia urefu wa jumla: miaka mitatu, mitano au kumi. Kwa mtumiaji wa Mombasa kinachoamua zaidi ni kipindi cha kupishana, yaani muda ambao toleo la zamani na lile la kuhamia yote mawili yanatunzwa. Mwaka wa fedha wa serikali za kaunti nchini Kenya huanza Julai 1. Tangazo la mwisho wa toleo likitoka Agosti, bajeti imeshapita, na fedha za mashine na mafunzo hutarajiwa Julai inayofuata. Kupishana kwa miezi sita au tisa kunaweza kuangukia kote ndani ya mwaka ambao pesa zake zimekwishagawiwa. Miezi 18 ndiyo kiwango kinachofaa, na tarehe itangazwe siku toleo linapotoka. Mradi mdogo unaweza kutimiza hilo kwa kutunza matoleo mawili tu, la zamani likipata viraka vya usalama pekee. Mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL hutoa toleo kuu kila mwaka na kulitunza miaka 5, na mtumiaji anaweza kuruka matoleo kadhaa kwa hatua moja. Mfumo wa uendeshaji wa Debian haukubali kuruka: aliyechelewa hupanda ngazi moja moja.

Muda unaozidi hapo ulipiwe na wanaouhitaji. Debian ilianza matunzo marefu 2014 kwa Debian 6, na kampuni hulipia saa za wanaoandika viraka ili kila toleo lifikishe miaka 5. Asiye na fedha anaweza kuchangia majaribio. Mafunzo ya teknolojia tayari yapo kisiwani, katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kule Tudor na Swahilipot Hub karibu na Ngome ya Yesu, na mashine kuukuu za kujaribia viraka hazikosekani mjini. Kuna kazi inayosubiri: Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32, na zilizobaki za aina hiyo zimekomea kwenye Debian 12 ya Juni 2023.